Penati ya Miaka Mitano

Hapo zamani, wala si za kale sana, maana viatu nilivyovaa siku ile bado ninavyo, palikuwa na nchi moja yenye serikali sikivu, barabara zilizokuwa zikitarajiwa na ligi ya mpira wa miguu. Jina la nchi hiyo naliacha. Nikilitaja watanifuatafuata, na mimi hata nisipofuatwa sina raha ya kukaa mahali pamoja. Kazi yangu nchini humo ilikuwa kubeba muhuri wa Kamati ya Ukomo. Nilikuwa na muhuri mmoja, kopo moja la wino na miguu miwili, na hakuna katika hivyo kilichopata kupumzika.

Kamati ilizaliwa na sheria, na sheria ilizaliwa na Mheshimiwa Ngelenge, Waziri wa Michezo, Afya na Mambo Yaliyosalia. Ilikuwa sheria nzuri mno. Ilisema kwamba klabu yoyote isiwalipe wachezaji wake, kwa jumla, zaidi ya milioni mia moja kwa msimu, ili klabu tajiri zisiwanunue wachezaji wote na klabu maskini zikabaki na makocha tu. Klabu itakayovuka ukomo, hata kwa senti, haitacheza. Nahodha wake ataingia uwanjani peke yake, ataipigia bendera saluti, kisha atatoka, na wapinzani watapewa magoli matatu.

Waziri aliiandika sheria hiyo kwa ajili ya Mapambazuko, klabu ya wafanyabiashara wa mjini, iliyokuwa imebeba kombe mara nne mfululizo na kumkosesha usingizi. Bahati mbaya Waziri alikuwa pia mwenyekiti wa klabu ya Ngurumo, na wahenga walishasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Siku mbili kabla ya ligi kuanza nilikwenda Mapambazuko nikakuta wanalipa milioni tisini na tisa na nusu. Wafanyabiashara bwana, wanajua kupunguza. Nikaenda Ngurumo.

"Mia moja na ngapi?" Waziri aliuliza.

"Na kumi na mbili, Mheshimiwa."

"Hesabu tena."

Nilihesabu tena. Zilikuwa zilezile.

"Sheria hii aliiandika nani?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"Najua! Nauliza nani aliyeniacha niiandike!"

Akaanza kuizunguka meza. Itifaki inataka muhuri wa Kamati uwe hatua tatu nyuma ya Waziri, kwa hiyo nami nikazunguka. Tulizunguka tangu saa nne mpaka saa sita, na nje ya dirisha mashabiki wa Ngurumo walikuwa wameshaanza kupaka nyuso zao rangi kwa ajili ya Jumamosi.

*

Aliyetuokoa ni Fikirini, mhasibu wa klabu, mtu mpole na mwembamba, asiyeweza kumfukuza nzi bila kumwandikia risiti. Alikuwa pembeni na sahani ya maandazi. Aliinuka akaiweka sahani mbele ya Waziri.

"Mheshimiwa, hapa pana maandazi matano. Ukiyala yote leo, watu watasema Waziri mlafi."

"Watasema," Waziri alikiri, huku akichukua moja.

"Wewe uyale yote. Ila kitabuni tutaandika leo umekula moja. La pili tutaandika umelila mwakani, la tatu mwaka unaofuata, na kuendelea."

"Lakini yako tumboni!"

"Tumboni yapo, Mheshimiwa. Kitabuni bado yapo kwenye sahani."

Waziri akakaa. Nami nikashukuru, maana visigino vilikuwa vinawaka.

Fikirini akaeleza. Mchezaji aghali kuliko wote alikuwa Sudi Kizenga, mshambuliaji wetu, milioni ishirini kwa msimu. Apewe milioni tano tu kama mshahara. Zile kumi na tano apewe leo leo, mkononi, lakini ziitwe fedha ya usajili. Na fedha ya usajili, kwa mujibu wa sheria ya Mheshimiwa mwenyewe, huhesabiwa kidogo kidogo kwa miaka yote ya mkataba. Kumi na tano kwa miaka mitano ni tatu kila mwaka. Tano na tatu ni nane.

"Asubuhi alikuwa ishirini, sasa ni nane," alisema Fikirini. "Kumi na mbili zimeondoka."

"Zimekwenda wapi?"

"Mbele."

"Lakini mkataba wa Kizenga umebakiza miaka miwili tu."

"Tutaongeza mitatu hewa."

Msomaji wa nchi nyingine huenda akashangaa. Sisi hatukushangaa. Tulikuwa na watumishi hewa waliopokea mishahara bila kuzaliwa, na shule hewa zilizofaulisha kuliko zile zenye madirisha. Miaka hewa ilikuwa hatua ya kawaida katika maendeleo ya taifa.

Mimi, kwa ushamba wangu, niliuliza, "Na Kizenga akiondoka kabla ya miaka hiyo kwisha?"

"Akiondoka, zote zilizobaki zinadondoka siku hiyohiyo," Fikirini alijibu. "Kwa hiyo asiondoke."

Akaketi kuandika mkataba upya. Ilikuwa saa tisa kasoro, na ofisi ya kusajili mikataba hufungwa saa tisa, kwa hiyo aliandika mbiombio. Kifungu cha tisa kilisomeka hivi: *Kila kitakachotolewa chini ya mkataba huu kwa siku moja kitahesabiwa kuwa kimetolewa kwa mafungu matano yaliyo sawa, fungu moja kila mwaka.* Waziri alikisoma kwa sauti mara mbili. Alisema ni kifungu kizito, kinanuka mahakama.

*

Tulimkuta Kizenga nyumbani kwake, mguu wa kulia ndani ya beseni la maji moto yenye chumvi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na goti lake lilikuwa na sitini. Daktari wa hospitali kuu alikuwa amemwambia wazi: goti lipasuliwe kabla mwaka haujaisha, ama atatembea na gongo maisha yake yote. Klabu ilikuwa imemwahidi kwamba akimaliza msimu huu ataachwa aende akapasuliwe.

Mkewe, Mwamvita, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa tulipoingia.

"Shemeji, tumekuja na heri," alisema Waziri.

"Heri haiji na watu watatu na muhuri," alisema Mwamvita. "Karibuni."

Waziri akatoa hotuba. Alisema kuna watu wanaolitolea taifa damu, na wengine jasho, lakini Kizenga amepewa heshima ya pekee ya kulitolea taifa tarehe. Fikirini akafungua mkoba, na milioni kumi na tano zikakaa mezani juu ya madaftari ya darasa la tano.

Kizenga alizitazama, akalitazama na goti. "Na ile ahadi ya kuniacha nikapasuliwe?"

"Ipo palepale," alisema Waziri. "Imesogea mbele kidogo."

Mwamvita aliuchukua mkataba akausoma wote, tangu jina hadi sahihi, kalamu nyekundu mkononi. Alipofika kifungu cha tisa alikirudia. Akaweka alama ndogo pembeni. Kisha akasema, "Baba Tuma, hawa wanakulipa leo kwa miaka ambayo hawana. Na wewe utawalipa kwa goti ambalo huna."

Lakini nje mashabiki walikuwa wameshafika, wanaimba jina lake, na Kizenga alikuwa mtu laini. Hakuwahi kumnyima mtu kitu akiombwa kwa wimbo. Alitia sahihi. Nikagonga muhuri. Jumamosi saa kumi jioni kitabu cha Ngurumo kilisoma milioni mia moja kamili, na Kizenga akafunga magoli mawili huku akichechemea.

*

Ilipofika mwezi wa tano wa msimu, goti lilikuwa limevimba kama papai. Kizenga alikwenda kwenye kamati kuomba ruhusa ya kupasuliwa. Kamati ilisikitika sana. Kanuni zilisema mchezaji akilala hospitali zaidi ya siku arobaini anahesabiwa ameondoka, na akiondoka zile milioni kumi na mbili zinadondoka, na zikidondoka Ngurumo inarudi kwenye mia moja na kumi na mbili, na michezo yote iliyokwisha kuishinda inafutwa.

"Kwa hiyo nisitibiwe?" aliuliza.

"Nani kasema?" Waziri alikasirika. "Mimi ni Waziri wa Afya pia! Utatibiwa kwa utaratibu."

Akaitwa Daktari Chilongola, daktari wa klabu. Huyu alikuwa na bomba la sindano na nakala ya mkataba. Alimdunga Kizenga sindano ya ganzi, kisha akafungua kifungu cha tisa.

"Maumivu haya yametolewa chini ya mkataba," alisema, "kwa hiyo nimeyasambaza kwa miaka mitano. Leo utaumia moja ya tano tu."

Kizenga alikanyaga chini, akaona kweli. "Na nne zilizobaki?"

"Zipo salama."

"Wapi?"

"Gotini."

Daktari akaandika cheti: kamati inakubali kwamba kifungu cha tisa kinahusu fedha na *pia vitu vingine vyote, yakiwemo maumivu*. Nikagonga muhuri. Nasema kweli, sikuona ubaya. Niliona mtu aliyeingia akichechemea akitoka anatembea, nikadhani ndiyo sayansi.

Kizenga alipokea sindano kila Jumamosi. Nilikuwa nikimwona baada ya mchezo, amekaa ngazini, mkono juu ya goti, analisikiliza. Ganzi ilipoisha alilia, mtu mzima yule, na mimi nilipita haraka kwa sababu nilikuwa na karatasi nyingi.

Maana kwa wakati huo utaratibu ulikuwa umeshaikamata nchi nzima. Wizara ya Barabara ililisambaza shimo moja kubwa katika barabara tano, na badala ya barabara moja mbovu tukawa na tano zenye ubovu mdogo. Wanafunzi waliofeli walipewa ufaulu wa mbele. Waokaji walikuuzia mkate mzima wakakupa kipande, na vipande vinne ukapewa kwa maandishi. Ili mambo yasichanganyike, Baraza la Mawaziri liliamua kwamba madeni yote ya namna hiyo, ya mashimo, ya mitihani na ya mikate, yatalipwa ligi itakapokwisha. Ilionekana mbali.

*

Mchezo wa mwisho wa msimu ulikuwa Ngurumo na Mapambazuko, na atakayeshinda ndiye bingwa. Sare ingewapa kombe Mapambazuko. Hakuna aliyekaa uwanjani siku ile, hata waliokuwa na viti. Waziri alitembea mbele ya jukwaa kuu kwenda na kurudi, mimi hatua tatu nyuma yake.

Kabla ya mchezo Kizenga alimfuata. "Mheshimiwa, leo ni mwisho wa msimu. Kesho naomba niende hospitali. Zimebaki wiki tatu mwaka uishe."

Waziri alimshika bega. "Mwanangu, nimeshamwagiza Fikirini aupange mkataba wako upya tena. Tunaongeza mitano. Utakuwa mchezaji wetu mpaka ufike miaka arobaini na mmoja! Ni mchezaji gani duniani ana uhakika kama huo?"

Kizenga aligeuka. Alitazama jukwaani, kule alikosimama mkewe, na nikamwona Mwamvita akitikisa kichwa mara moja, kama mwalimu anayempa mtoto ruhusa ya kwenda ubaoni. Sikuelewa wakati huo.

Dakika ya themanini na tisa, bila kwa bila, beki wa Mapambazuko aliunawa mpira. Refa akapuliza: penati. Uwanja ukapagawa. Kipa wao, jitu moja liitwalo Nyamburi, akasimama mstarini akipiga glavu zake paa, paa. Kizenga akauweka mpira. Akatoa kipande cha chaki kwenye soksi. Akahesabu hatua kuelekea golini, akachora mistari minne kwenye nyasi. Akarudi, akaunyanyua mguu wake mbovu taratibu, akausukuma mpira kwa ncha ya kiatu. Ukabiringika mita mbili na kidogo, ukasimama kwenye mstari wa kwanza.

Kisha akaketi chini.

"Piga!" refa alipiga kelele.

"Nimepiga," alisema Kizenga. "Moja ya tano. Mafungu manne yaliyobaki nitayapiga kila mwaka, tarehe kama ya leo. Kifungu cha tisa."

Waziri aliruka uzio. Sijui alirukaje, kwa tumbo lile, ila najua mimi niliuruka nyuma yake na wino ukanimwagikia. "Kizenga! Kifungu kile ni cha fedha!"

"Kila kitakachotolewa kwa siku moja," Kizenga alisema, kwa sauti ya mtu aliyekaririshwa vizuri nyumbani. "Fedha na pia vitu vingine vyote, yakiwemo maumivu. Muhuri upo."

Wote wakanigeukia. Nikatazama muhuri wangu, nikausitiri kwa koti.

Kamati iliketi palepale kwenye nyasi, kuuzunguka mpira. Fikirini alikuwa amepauka. Alinong'ona kwamba kamati ikikataa kifungu kwa penati, itakuwa imekikataa kwa zile milioni kumi na tano pia, na hapo Ngurumo inashuka daraja kabla jua halijatua. Ikikubali, penati inaendelea.

Kamati ikakubali. Ilitangazwa kwa vipaza sauti kwamba mchezo haujaisha, kwa hiyo msimu haujaisha. Mwaka wa fedha utasimama hadi msimu uishe, ila mwaka wa mguu utakwenda kwa kalenda. Kizenga hakuondoka klabuni, hakustaafu, wala hakuomba ruhusa. Yuko katikati ya kupiga penati, na mtu aliye katikati ya kupiga penati haulizwi kalala wapi.

Kesho yake asubuhi alilala hospitali kuu, akapasuliwa goti.

*

Miaka iliyofuata sitaki kuikumbuka, ila kalamu imeshashika njia. Msimu haukwisha, kwa hiyo hakuna mwingine ulioanza. Jumamosi saa kumi watu walitoka majumbani kwa mazoea, wakazunguka mitaa, wakarudi, wakatoka tena. Wanaume waligombana na redio. Mpira ule uliwekewa askari wawili ili upepo usifunge goli. Kipa Nyamburi alikatazwa kuacha mstari. Alivumilia siku tisa, kisha akaniita akilia, kwamba mkewe amejifungua. Nikamwonea huruma. Nikazitundika glavu zake mlingotini, nikazigonga muhuri kuwa ndizo kipa, naye akaenda nyumbani.

Kila mwaka, tarehe ileile, Kizenga alikuja na Mwamvita. Mwaka wa pili alikuja na magongo, akausukuma mpira hadi mstari wa pili. Mwaka wa tatu alikuja bila gongo. Huo ulikuwa wa kwanza katika miaka hewa, na katika mwaka hewa yeye si mchezaji, basi akakatazwa jezi. Alipiga fungu lake akiwa amevaa suruali ya kitambaa na makubazi. Mwaka wa nne nilimwona akitembea wima, wala hachechemei, na binti yao Tuma mgongoni. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Na mpira ukasimama kwenye mstari wa nne, mita mbili na kidogo kutoka golini.

Hapo ndipo serikali iliposhtuka. Mtu mmoja katika Baraza la Mawaziri aliuliza, kwa sauti ndogo, ligi ikiisha ni vitu gani vitakavyodaiwa. Wakaleta orodha. Ilichukua siku mbili kusomwa.

*

Mwaka wa tano uwanja ulifurika toka asubuhi. Baraza lote lilikuwepo. Nyamburi mwenyewe alikuja, amenenepa, akazitungua glavu zake mlingotini akazivaa. Waziri Ngelenge, ambaye alikuwa amezunguka meza miaka mitano hadi zulia likatoboka, alimpokea Kizenga langoni na karatasi mpya. Safari hii hakutoa hotuba.

"Sudi, mwanangu. Hili fungu la mwisho tulipange upya. Tuligawe mara tano tena. Sentimita arobaini na nne kila mwaka. Wewe hupotezi kitu. Ukifunga leo, msimu umekwisha. Mwaka wa fedha unaanza kutembea. Kila kitu kinadondoka! Mashimo, mikate, mitihani! Huna huruma na nchi yako?"

Kizenga aliuangalia uwanja. Watu walikuwa wameshikilia vikaratasi juu, maelfu, vile vya waokaji, vimechakaa na kubadilika rangi, na bado wamevitunza. Hawakuimba. Walisubiri tu.

"Mheshimiwa," alisema, "mafungu manne ya maumivu yangu uliyaacha gotini. Mimi nimeyalipa yote hospitali, usiku na mchana, wala sikukuletea hata moja. Nawe lipa yako."

"Shemeji, mwambie!" Waziri alimgeukia Mwamvita.

"Mimi nimeacha maharage jikoni," alisema Mwamvita. "Baba Tuma, piga twende."

Alirudi hatua tatu. Alipiga kwa mguu wa kulia, ule ule, kwa nguvu zote alizokuwa hajazitumia miaka mitano. Nyamburi hakuruka. Alisogea pembeni akasema, "Pita, baba, tumechoka." Nyavu zikatikisika.

Wote wakanigeukia tena. Goli halikuwa goli bila muhuri. Mbele yangu nikaona karatasi mbili: Fikirini ameshika ile ya goli, na Waziri ameshika ile ya kuligawa mara tano, akisema huku ameyauma meno, "Hii, Bwana Muhuri. Gonga hii."

Miaka yote ile nilikuwa nimegonga kila nilichopewa. Niligonga fedha, maumivu, mashimo, na glavu. Nilifikiri mkono wangu hauna maoni. Lakini siku hiyo ulinikumbusha Kizenga pale ngazini, na mimi nikipita haraka, nikaona aibu iliyonipanda hadi masikioni. Sikugonga karatasi hata moja kati ya zile mbili. Nilikwenda golini, nikautoa mpira wavuni, nikaugonga muhuri mpira wenyewe.

Refa akapuliza. Kizenga akatangaza hapohapo kwamba amestaafu, na zile milioni kumi na mbili zikadondoka. Ngurumo wakawa mabingwa kwa dakika kumi na moja, kisha sheria ya Mheshimiwa Ngelenge ikawavua kombe kwa kuvuka ukomo. Ilibidi nahodha atoke uwanjani peke yake baada ya kuipigia bendera saluti. Lakini watu hawakuangalia. Walikuwa wameshauelekea mlango wa Hazina, vikaratasi mkononi, wengine wameongozana na walimu wao. Nasikia foleni ile bado ipo. Kizenga na Mwamvita walitoka kwa mlango wa nyuma, kwa miguu, wakibishana kama maharage yameungua.

Mimi kamati ilinifukuza kazi kesho yake kwa utovu wa nidhamu. Fikirini, ambaye yeye hakufukuzwa, aliipitia barua yangu akasema kufukuza mtu mzima kwa siku moja ni gharama kubwa, akanisambaza. Mwaka huu nimefukuzwa moja ya tano: wamechukua kiti, nami sikukikalia hata hivyo. Mwakani watachukua meza, halafu ofisi, halafu koti lenye nembo. Muhuri wamesema watauchukua mwaka wa tano.

Kwa hiyo kama una karatasi yako ya haki inayongoja kugongwa, ilete. Wino bado upo.